Kuizuru Mombasa kwa Kufuata Maji: Ushauri kwa Mgeni Mwenye Siku Chache

Mombasa, mji wa pili kwa ukubwa nchini Kenya, ambao kaunti yake ilihesabiwa kuwa na wakazi zaidi ya milioni 1.2 katika sensa ya 2019, ulianza kama mji wa kisiwani, na ingawa leo umeenea bara kaskazini, kusini na magharibi, kiini chake kimebaki katika kisiwa kidogo kilichozungukwa na mahori mawili, hori likiwa ni mkono wa bahari unaoingia nchi kavu. Upande wa mashariki na kaskazini lipo hori la Tudor, ambalo mdomoni mwake pana Bandari ya Kale iliyopokea majahazi kwa karne nyingi. Upande wa kusini na magharibi lipo hori la Kilindini, lenye kina kirefu, ambalo ndilo lililowavuta wajenzi wa reli na wa bandari ya kisasa mwishoni mwa karne ya 19. Ngome, misikiti ya zamani na nyumba zenye milango ya nakshi zimekusanyika upande wa kwanza. Mabohari, gati za meli kubwa, mibuyu ya Mama Ngina na kivuko cha Likoni viko upande wa pili. Kwa sababu hiyo, mgeni anayetaka kuuelewa mji huu anashauriwa kupanga ratiba yake kwa kufuata maji: siku moja nzima aitoe kwa Bandari ya Kale, nusu siku kwa Kilindini, na siku ya tatu kwa bara na bahari ya nje. Orodha za vivutio zilizopangwa kwa umaarufu humfanya mtu avuke Daraja la Nyali, linalounganisha kisiwa na bara ya kaskazini, mara tatu au nne kwa siku, na sehemu kubwa ya safari yake huishia katika foleni ya magari.

Kabla ya kufika, uamuzi wa kwanza ni wa majira. Pwani hii hutawaliwa na pepo mbili za msimu: kaskazi, upepo utokao kaskazini-mashariki, ambao huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, na kusi, upepo utokao kusini, ambao hushika kuanzia masika ya Aprili na Mei na kuendelea hadi karibu Septemba. Wakati wa kaskazi anga huwa wazi na maji huwa maangavu, hivyo ni majira mazuri kwa anayekusudia kuona samaki na matumbawe, ingawa joto la Februari na Machi humchosha haraka mtu asiyelizoea. Kusi huleta ubaridi mzuri wa kutembea kwa miguu katika Julai na Agosti, lakini bahari huchafuka na mwani mwingi hutupwa ufuoni. Mwezi wa kuepukwa, kwa mgeni mwenye hiari ya kuchagua, ni Mei, kwa kuwa mvua kubwa za masika hufikia kilele wakati huo na vichochoro vya Mji wa Kale hugeuka vijito.

Uamuzi wa pili, ambao vitabu vingi vya wasafiri huupuuza, ni wa kujaa na kupwa kwa maji. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kila siku, na tofauti kati ya hali hizo mbili hufuata mwezi: mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, yaani kipindi ambacho maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti yake ikipita meta tatu, na mwezi unapokuwa nusu huja maji mafu, ambayo hayapandi wala kushuka kwa kiasi kikubwa. Katika siku za bamvua maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na kujaa tena karibu na saa kumi au kumi na moja alasiri, jambo ambalo humpa mgeni asubuhi ya kutembea juu ya miamba iliyoachwa wazi na jioni ya kuogelea. Msomaji anayefuata kalenda ya Kiislamu hana haja ya jedwali lolote, kwani bamvua huangukia mwanzoni na katikati ya kila mwezi wa kalenda hiyo. Mwingine na aulize wavuvi, ambao hujibu swali hili kwa usahihi na kwa furaha. Mgeni aliyefika katika maji mafu hana budi kujua kwamba matembezi ya miambani hayatamfaa sana, na siku zake atazitumia vyema zaidi mjini.

Siku ya Bandari ya Kale ianzie Fort Jesus, yaani Ngome ya Yesu, na ianze mapema, mara milango inapofunguliwa asubuhi, kwa sababu ua wa ngome hauna kivuli cha kutosha na jua la saa sita huyafanya mawe yatoe joto kutoka chini na juu kwa pamoja. Ngome hii ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596 kwa michoro ya Giovanni Battista Cairati, msanifu majengo Mwitalia aliyekuwa akiwatumikia, wakati ambapo ufalme wa Ureno ulikuwa chini ya Mfalme Philip wa Pili wa Uhispania. Mpango wake hufuata umbo la mwili wa binadamu aliyelala, kwa mujibu wa fikra za wasanifu wa Ulaya wa zama hizo walioamini kwamba uwiano wa mwili ndio kipimo cha jengo kamilifu, na buruji zake, yaani sehemu za pembeni zilizotokeza nje ya ukuta, zilipangwa ili kila moja iweze kuilinda nyingine kwa mizinga. Mwaka 2011 shirika la UNESCO liliiorodhesha kuwa urithi wa dunia.

Inafaa ziara ianzie nje, chini ya ukuta wa upande wa bahari, maji yakiwa yamepwa, na siyo kwenye lango kuu kama wafanyavyo wengi. Hapo mtu huona jinsi kuta zilivyoota juu ya mwamba wa matumbawe wenyewe, na jinsi mdomo wa bandari ulivyo mwembamba kiasi kwamba hakuna chombo kilichoweza kuingia bila kupita mbele ya mizinga. Akishayaona hayo, historia yote atakayosimuliwa ndani huwa na mahali pa kukaa. Baada ya hapo apande juu ya kuta, ashuke katika njia ya matao iliyochongwa mwambani kuelekea majini, aitazame Nyumba ya Waomani, na makumbusho yenyewe ayaache yawe ya mwisho, jua likiwa limepanda.

Historia hiyo inastahili kuelezwa kwa utulivu, na mgeni asiyejipa angalau saa mbili huondoka na tarehe bila maana yake. Mwaka 1631 Yusuf bin Hasan, mwana wa Sultani wa Mombasa aliyeuawa, ambaye Wareno walimlea Goa, koloni lao la India, wakambatiza kwa jina la Dom Jerónimo Chingulia na kumrudisha kutawala kwa niaba yao, aliwageuka, akamuua kamanda na kuiteka ngome. Alipoona hawezi kuishikilia aliiacha mwaka uliofuata, na Wareno wakarudi. Mwezi Machi 1696 Waomani waliizingira, na mzingiro huo ukadumu hadi Desemba 1698, karibu miezi thelathini na mitatu, ambamo njaa na maradhi viliua watu wengi kuliko risasi. Miongoni mwa merikebu zilizotumwa kutoka Goa kuwaokoa waliozingirwa ilikuwamo Santo António de Tanná, ambayo ilizama mbele ya ngome mwaka 1697 na kulala topeni kwa karibu miaka mia tatu, hadi wataalamu wa mambo ya kale ya chini ya maji walipoifukua kuanzia 1977. Vyombo vilivyotolewa humo, vikiwemo vya udongo na vya mabaharia wa kawaida, vimewekwa katika makumbusho ya ngomeni, na pengine ndivyo vinavyogusa zaidi katika jengo lote, kwa kuwa vilikuwa vya watu ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Baada ya Waomani ukaja utawala wa Wamazrui, ukoo uliotumwa kuiongoza Mombasa na ambao baadaye ulijitawala wenyewe hadi Sayyid Said, mtawala wa Oman, alipoutwaa mji mwaka 1837. Waingereza waliifanya ngome kuwa gereza kuanzia 1895 hadi 1958, na mwaka 1960 ikafunguliwa kuwa makumbusho, lakini bendera nyekundu ya Sultani wa Zanzibar iliendelea kupepea juu yake hadi Desemba 1963, kwa sababu ukanda wa pwani ulihesabiwa kisheria kuwa milki yake iliyokodishwa kwa Waingereza. Karibu na ngome yapo makaburi ya ukoo wa Mazrui, ambamo alizikwa Profesa Ali Mazrui, mwanazuoni wa siasa aliyezaliwa Mombasa mwaka 1933 na kufariki Marekani mwaka 2014. Hayo ni makaburi ya familia ambayo bado inayatunza, kwa hiyo huangaliwa kutoka nje kwa adabu.

Kutoka ngomeni, njia ya kuingia Mji wa Kale ni Ndia Kuu, barabara ambayo jina lake limehifadhi matamshi ya Kimvita, lahaja ya Kiswahili ya Mombasa. Hapa kinachohitajika ni miguu, viatu vyepesi na mwongozaji mwenyeji mwenye kitambulisho, ambaye bei yake hukubaliwa kabla ya kuondoka pamoja na muda wa matembezi. Faida kubwa ya mwongozaji ni kwamba yeye hujua ni ua upi unaoweza kuchunguliwa na ni baraza ipi iliyo ya watu wanaopumzika. Mji wa Kale ni makazi; watu wamezaliwa humo, wanaoza mabinti humo na kuwaombea marehemu wao humo, na mgeni akilikumbuka hilo mambo mengine yote ya adabu hufuata yenyewe. Mavazi yafunike mabega na magoti, salamu itangulie kila swali, na picha ya mtu isipigwe kabla ya kuomba ruhusa na kuipata.

Anayetaka kuyasoma majengo ayatazame kwa mpangilio wa vifaa. Kuta za nyumba kongwe ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, na dari zake zilibebwa na boriti, yaani miti ya mikoko iliyokatwa katika mahori ya pwani; kwa kuwa boriti moja haikuweza kuvuka nafasi iliyozidi sana meta tatu bila kupinda, urefu wake ndio uliopima upana wa chumba, na ndiyo sababu vyumba vingi ni virefu lakini vyembamba. Milango ya nakshi huwa na mbao mbili zinazofunguka ndani na mfaa, yaani mti wa katikati unaofunika mwachano wao, na fundi aliweka ustadi wake mkubwa zaidi katika mfaa na katika kizingiti cha juu. Roshani za mbao zilizotobolewa kwa maua, zinazoning'inia juu ya vichochoro, nyingi ni za mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, na zilitokana na wafanyabiashara na mafundi wa Kihindi waliohamia mjini wakati huo. Mtu akijua mambo hayo matatu anaweza kusimama mbele ya nyumba yoyote na kukisia umri wake na asili ya aliyeijenga, na matembezi yake hubadilika kuwa usomaji.

Msikiti wa Mandhry, ambao kwa mapokeo ya wenyeji ulijengwa mwaka 1570, ni miongoni mwa misikiti mikongwe ambayo ingali ikisaliwa, na mnara wake mnene, unaopungua kuelekea juu, hauna mfano wa karibu nje ya pwani hii. Asiye Mwislamu aombe ruhusa kabla ya kuvuka kizingiti, na asiombe wakati wa sala. Siku ya Ijumaa, kuanzia karibu na saa sita mchana, maduka mengi hufungwa na vichochoro hujaa waumini, kwa hiyo ni vyema muda huo mgeni awe amekaa mahali akipumzika. Mbele kidogo upo Uwanja wa Serikali, ulio juu ya Bandari ya Kale, na pembezoni mwake ipo Leven House, nyumba iliyopewa jina la manowari ya Kapteni William Owen, ofisa Mwingereza ambaye mwaka 1824, kwa ombi la Wamazrui waliokuwa wakimwogopa Sayyid Said, alitangaza himaya iliyodumu miaka miwili tu. Ngazi za mawe zishukazo kutoka hapo hadi majini ndizo zinazofaa kutembelewa alasiri, maji yakiwa yanajaa na vyombo vichache vilivyobaki vikipakua mizigo. Zamani majahazi yalifika na kaskazi kutoka Arabuni, Ghuba na India yakiwa na tende, mazulia na samaki wa chumvi, yakasubiri miezi kadhaa, na kurudi na kusi yakiwa na boriti na pembe za ndovu, na ni kusubiri huko kulikozaa ndoa, maduka na lugha iliyochanganyika ya mji.

Msomaji wa Kiswahili anayo faida ambayo mtalii mwingine hana. Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa aliyefariki karibu 1840, alitunga tungo zake katika mitaa hii hii, wakati mji ulipokuwa ukivutana na Sayyid Said, na diwani yake ilichapishwa mwaka 1940 kwa kazi ya William Hichens, aliyetegemea mashairi yaliyohifadhiwa na Mwalimu Sikujua, msomi wa Mombasa. Kuipitia diwani hiyo siku chache kabla ya safari ni maandalizi bora kuliko kusoma vijitabu vya hoteli, kwa kuwa humo mji unazungumza juu ya vita, biashara na mapenzi yake kwa sauti yake wenyewe.

Chakula kisitengwe na ziara hii, kwani saa zake zina utaratibu wake. Asubuhi ni ya mahamri kwa mbaazi za nazi. Mchana ni wa biriani, pilau au wali wa nazi kwa samaki wa kupaka. Na jioni, baada ya magharibi, mabaraza hupata uhai kwa mishkaki, viazi karai, kaimati na juisi ya ukwaju, huku wauza kahawa wakipita na madele yao, yaani mabirika ya shaba yenye makaa chini, wakiuza kahawa tungu ambayo hunywewa kwa vikombe vidogo pamoja na kashata au halua. Katika mwezi wa Ramadhani mpangilio huu hugeuka: migahawa mingi ya Mji wa Kale hufungwa mchana na kula hadharani ni utovu wa adabu, lakini usiku mji huwa mchangamfu kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka, na mgeni mstahamilivu hapaswi kuuogopa mwezi huo.

Kabla ya kuuacha upande huu, yapo masoko mawili yasiyohitaji maelezo marefu. Marikiti, soko lililojengwa mwaka 1914, ni la viungo, mboga na matunda, na viungo vinunuliwe vikiwa vizima ili harufu idumu hadi nyumbani. Mtaa wa Biashara ni wa leso, ambazo Tanzania huitwa kanga, na leso kamili huwa na pindo pande zote nne, mji katikati na jina, yaani maneno yaliyochapwa chini ya mji. Duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanzishwa 1887 na ambalo alama yake ya Mali ya Abdulla hujulikana na wavaaji wa leso pwani nzima, linahusishwa na kuenea kwa desturi ya kuchapa majina hayo. Anayemnunulia mtu zawadi alisome jina kwa makini kabla ya kulipa, kwa kuwa yapo maneno ya kumsifu mama na yapo ya kumchokoza jirani.

Upande wa Kilindini hauna wingi wa majengo ya kale, na nusu siku, hasa alasiri, humtosha mgeni. Pembe kubwa za ndovu zilizo juu ya Barabara ya Moi, ambazo chanzo chake ni sherehe za kupokea ugeni wa kifalme kutoka Uingereza katika miaka ya 1950, hupigwa picha na kila mtu na hutazamwa kwa dakika tano. La maana zaidi ni Mama Ngina, ufuo wa mwamba ulio kusini mwa kisiwa, uliokarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2019, ambako mibuyu mikubwa imesimama mahali palipokuwa karibu na mji wa kale wa Tuaka. Wakazi wa Mombasa huja hapa na watoto wao jioni, hasa mwisho wa juma, wakala mihogo ya kukaanga kwa ndimu na pilipili na kunywa madafu, huku meli za makontena zikipita karibu nao kuingia bandarini. Ni mahali pekee mjini ambapo mgeni, mvuvi, karani na tajiri hukaa juu ya ukuta mmoja, na kwa sababu hiyo panafaa kupewa muda zaidi kuliko pembe.

Kutoka hapo si mbali hadi kivuko cha Likoni, ambacho waenda kwa miguu hukitumia bure na ambacho kwa msafiri anayetoka Tanga kupitia Lunga Lunga kimekuwa kwa miaka mingi lango la kwanza la mji. Kuvuka na kurudi mara moja, nje ya saa za msongamano wa asubuhi na jioni, huonyesha upana na kina cha Kilindini vizuri kuliko ramani. Kamera na simu ziwekwe mfukoni: upigaji picha hauruhusiwi kivukoni, na tahadhari hiyo hiyo ihusu bandari, kambi za jeshi la majini na Ikulu iliyo upande wa Mama Ngina.

Siku ya tatu ni ya bara ya kaskazini na bahari ya nje, na utaratibu wake huamuliwa na maji. Kama ni bamvua, asubuhi itolewe kwa Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, iliyoanzishwa mwaka 1986 mbele ya fuo za Nyali na Bamburi na kusimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya. Mashua zenye sakafu ya kioo huondoka ufuoni, na mgeni anashauriwa kupanda chombo cha mtu aliyesajiliwa, mwenye maboya ya kutosha kwa kila abiria, na kukubaliana bei yote, ikiwemo ada ya hifadhi, kabla ya kupanda. Matumbawe ni wanyama wadogo walio hai waliojijengea mifupa ya chokaa. Mwaka 1998 joto la bahari lilipopanda, sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani ya Kenya ilipauka na kufa, na yale yaliyomea tangu hapo huvunjika kwa hatua moja ya mguu. Kwa hiyo mgeni asiyakanyage, asiwarushie samaki mkate hata akiombwa na nahodha afanye hivyo, na asinunue kome wala kauri ufuoni. Chupa za plastiki za kutumiwa mara moja zimepigwa marufuku katika hifadhi na fuo za Kenya tangu Juni 2020, hivyo maji ya kunywa yabebwe katika chombo cha kudumu.

Mchana wa siku hiyo, joto likiwa kali, kivuli kizuri zaidi kiko Haller Park, Bamburi, mahali ambapo huenda pasivutie kwa jina lakini ambapo pana somo kubwa. Hapo palikuwa na machimbo ya kiwanda cha saruji, ardhi iliyochimbwa hadi kubaki mwamba mtupu wenye chumvi, na mwaka 1971 mtaalamu Mswisi René Haller alianza kujaribu aina 26 za miti, ambapo ni tatu tu zilizostahimili, mvinje ukiongoza. Mvinje huishi kwa ushirika na vijidudu vya mizizini vinavyotwaa naitrojeni kutoka hewani, kwa hiyo uliweza kukua pasipo udongo, lakini majani yake makavu yalirundikana bila kuoza mpaka Haller alipoleta majongoo, ambao waliyala na kuyageuza kuwa mboji. Juu ya mboji hiyo ukaja msitu, kisha ndege, twiga na viboko. Wengi hufika kwa sababu ya kisa cha Owen, mtoto wa kiboko aliyeachwa peke yake na tsunami ya Desemba 2004 na kuandamana na kobe mzee aitwaye Mzee, na watoto hukifurahia kisa hicho kwa haki. Lakini mtu mzima na aiombe idara ya waongozaji imweleze habari za jongoo, kwa kuwa ndiye aliyeujenga msitu anaotembea ndani yake.

Mwenye muda wa kuongeza jambo moja achague kati ya njia mbili, wala asijaribu zote kwa siku moja. Njia ya kwanza ni ya Kengeleni na Rabai. Kengeleni ipo kengele ya Freretown, makazi yaliyoanzishwa na wamishonari mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani, ambayo ililia kuwatahadharisha walipokaribia wavamizi waliotaka kuwarudisha utumwani. Rabai, juu ya vilima nje ya mji, ndiko mmishonari Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844 na kumzika mkewe Rosina na mtoto wao mchanga katika mwaka huo huo, alikoanzisha kituo pamoja na mwenzake Johannes Rebmann. Kamusi yake ya Kiswahili, iliyochapishwa mwaka 1882 baada ya kifo chake, bado hutajwa na wanaleksikografia, na kwa anayeipenda lugha hii safari ya Rabai ina thamani ya pekee. Njia ya pili ni ya Jumba la Mtwana, magofu ya mji wa karne ya 14 na 15 yaliyo ufuoni karibu na Mtwapa. Wengi huyaruka wakikimbilia Gede, ambayo ni kubwa na maarufu zaidi, lakini ipo mbali karibu na Malindi. Jumba la Mtwana huwa na utulivu, msikiti wake mmoja unatazama bahari, na mtu aliyekwisha kuzisoma nyumba za Mji wa Kale atavitambua hapa vyumba vile vile vyembamba, vikiwa vimeachwa bila dari.

Mwisho ni mambo machache ya matumizi. Malipo ya maeneo ya serikali hufanywa zaidi kwa njia za kielektroniki, hivyo simu iwe na salio na chaji, na kitambulisho au pasipoti vibebwe, kwa kuwa viwango vya raia na vya wageni hutofautiana. Safari fupi za kisiwani hufaa kwa tuktuk, ambayo bei yake hutajwa kabla ya kupanda. Ufuoni mtu asitembee peke yake giza likiingia. Na msafiri anayerudi Nairobi kwa treni ya reli mpya, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, azingatie kwamba stesheni yake haipo kisiwani bali Miritini, kwamba mizigo hukaguliwa kwa muda mrefu kabla ya abiria kuruhusiwa kuingia, na kwamba barabara ya Changamwe inayoelekea huko ndiyo hiyo hiyo inayobeba malori ya Kilindini, hivyo aondoke mjini mapema, angalau saa mbili na nusu kabla ya treni kuondoka, na mvua ikiwa inanyesha aongeze saa nzima.